Jenereta ya nyumbani: namna ya kuchagua itakayokufaa bila kukumalizia mshahara

Naishi Walukuba, Jinja. Ukipanda boda dakika chache unafika kwenye bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa mwaka 1954 na sasa linaitwa Nalubaale. Mgeni akija usiku akakuta tumewasha mishumaa hucheka: mnakaa mlangoni kwa umeme na bado mko gizani?

Jibu ni kwamba Uganda ya leo haina uhaba wa mabwawa. Karuma peke yake, iliyozinduliwa 2024, ina uwezo wa megawati 600. Giza la mtaani linatoka karibu zaidi: nguzo ya mbao imeoza, transfoma imebeba nyumba nyingi kuliko uwezo wake, mvua ya Aprili imeangusha tawi la mwembe juu ya waya. Usambazaji wenyewe ulibadilisha mikono tarehe 1 Aprili 2025, UEDCL, kampuni ya serikali, ilipochukua kazi kutoka kampuni iitwayo Umeme baada ya mkataba wa miaka 20. (Sisi tunaozungumza Kiswahili tulikuwa na kero yetu ya pekee miaka hiyo yote. Ukisema "umeme umeondoka", mtu anauliza kampuni au stima?) Aliye juu ya karatasi akibadilika, nguzo ya mtaani kwako inabaki ile ile. Kwa hiyo watu wanaendelea kununua jenereta, na wengi wananunua kubwa mno. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Hatua ya 1: Daftari kwanza, duka baadaye

Kwa wiki nne, andika kila stima inapokatika: siku, saa iliyoondoka, saa iliyorudi. Usikadirie kwa hasira, maana hasira huhesabu saa moja kuwa tatu. Daftari langu lilinionyesha kitu ambacho sikukitarajia. Mara nyingi giza lilikaa chini ya saa mbili, na lile refu lilikuja mara moja au mbili kwa mwezi, hasa baada ya dhoruba.

Kama daftari lako linasema saa moja au mbili tu, na shida yako ni taa, simu na intaneti, huhitaji jenereta. Nunua betri na inveta yake (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani), au sola ndogo. Haina kelele, haina moshi, haili petroli. Jenereta inaanza kuwa na maana pale ambapo nyama kwenye friji itaharibika, dawa ya mgonjwa inahitaji baridi, au kuna kazi ya pesa isiyoweza kusubiri. Nami nimeishia kuwa na vyote viwili: betri ya saa fupi, jenereta ya usiku mrefu.

Hatua ya 2: Andika kinachopaswa kuwaka

Zunguka nyumba nzima na kalamu. Kila kifaa kina kibandiko chenye wati zake, mara nyingi nyuma au chini. Hivi ndivyo nilivyoandika kwangu:

- Balbu 8 za LED za wati 9: 72
- Televisheni ya inchi 32: 60
- Dikoda: 20
- Ruta ya intaneti: 10
- Kompyuta mpakato 2: 130
- Simu zinazochajiwa: 30
- Friji ikiwa inatembea: 150

Jumla ni wati 472. Hapo ndipo watu hushangaa, kwa sababu nyumba ya kawaida haihitaji umeme mwingi kama wanavyodhani. Wanaohitaji umeme mwingi ni wale wanaopasha moto: pasi hula wati 1,000 na zaidi, birika la umeme 1,500 hadi 2,000, na bomba la maji moto la bafuni, lile la kuwaka papo hapo, linaweza kupita 5,000. Ukitaka jenereta ibebe bomba hilo la bafuni umeshahama kutoka mashine ya nyumbani kwenda mashine ya hoteli. Chemsha maji kwenye gesi au sigiri ya mkaa usiku huo mmoja. Nguo zipigwe pasi stima ikirudi, au zivaliwe zilivyo.

Hatua ya 3: Mota na hamu yake ya kuanza

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Friji na pampu vina mota, na mota ikiamka inavuta umeme mara tatu hadi sita ya ule inaotumia ikishatulia. Ni kama kusukuma gari lililozima: kulitoa mahali pake ndiyo kazi, likishatembea mkono mmoja unatosha. Hali hiyo huchukua chini ya sekunde chache, lakini jenereta isipoweza kuihimili taa hufifia, mota inanguruma bila kuzunguka, na kompresa inaweza kuungua.

Friji yangu ya wati 150 nimeiwekea 900 za kuanzia. Kwa hiyo naongeza 750 juu ya ile 472, napata 1,222. Huna haja ya kujumlisha hamu ya kila mota, chukua ile kubwa kuliko zote, mradi uhakikishe haziamki pamoja.

Sasa tazama pampu ya maji inavyogeuza mambo. Pampu ya nusu farasi inavuta kama wati 600 ikitembea, na 1,800 ikianza. Nikiiongeza, mzigo unaotembea unafika 1,072, na ukiongeza 1,200 za kuamka unapata 2,272. Karibu mara mbili, kwa ajili ya kifaa kinachofanya kazi nusu saa kwa siku! Nilichofanya ni kupandisha tangi la maji juu ya mnara wa vyuma na kulijaza kila stima inapokuwepo. Tangi lile limenipunguzia ukubwa wa jenereta kuliko ushauri wowote wa muuzaji. Kabla hujanunua mashine kubwa, jiulize ni kifaa gani kimoja kinachokulazimisha, kisha uone kama kinaweza kuhamishwa saa.

Hatua ya 4: Toa kodi ya mwinuko

Jambo hili sijawahi kusikia muuzaji akilitaja. Injini ya petroli inahitaji hewa, na kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi. Nguvu iliyoandikwa kwenye mashine hupimwa kwa hali ya usawa wa bahari. Kanuni ya mafundi ni kupoteza takriban asilimia moja kwa kila mita 100. Jinja na Kampala ziko juu kwa kiasi cha mita 1,200 hivi, basi ondoa asilimia 12. Kabale iko karibu mita 2,000, ondoa 20. Mtu wa Mombasa na mtu wa Kabale wakinunua mashine moja, kwa kweli hawajanunua mashine moja.

Hesabu yangu bila pampu: 1,222, nikaongeza asilimia 20 ya akiba ili mashine isikimbie imekaza meno, nikapata 1,466. Nikagawa kwa 0.88 kwa ajili ya mwinuko: 1,666. Jenereta ya wati 2,000 za kudumu inanitosha. Pamoja na pampu ningehitaji takriban 3,100.

Hatua ya 5: Soma kibandiko kama unavyosoma mkataba

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni kwa rangi ya moto ni ya kilele, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa kwa muda mfupi kabisa. Unayoitaka imeandikwa kwa herufi ndogo: nguvu ya kudumu. Tofauti ni asilimia 10 na kuendelea, na kwenye mashine za bei ya kutupa tofauti ni kubwa zaidi.

Halafu kuna kVA na kW. kW, yaani wati elfu moja, ndiyo kazi halisi utakayoipata. Kwenye jenereta nyingi unazidisha kVA kwa 0.8, kwa hiyo 5 kVA ni kW 4. Muuzaji akikwambia "hii ni tano", muulize tano ya nini.

Angalia pia volti 240 na hezi 50. Kuna mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani, ambako wanatumia volti 120 na hezi 60. Zinavutia kwa bei, lakini ziache. Kuipunguza kasi injini ili upate hezi 50 huku ukitafuta volti zako mahali pengine ni kazi ya kukupa maumivu ya kichwa.

Hatua ya 6: Chagua aina

Kidogo kabisa ni kile cha kuchanganya petroli na oili, chini ya wati 1,000, ambacho mtu anakibeba kwa mkono mmoja. Kinyozi na duka la kuchajia simu wanakipenda. Kwa nyumba yenye friji hakifai: kinapiga kelele, kinatoa moshi, na siku mtoto akisahau kuchanganya oili kimekufa.

Jenereta ya petroli ya fremu wazi ndiyo imejaa madukani. Ni rahisi kununua, kila fundi anaifahamu, na vipuri havikosekani. Nyingi zina injini za Kichina zilizofuata umbo la injini ndogo za Honda. Ukiona 168F kwenye injini, hiyo ni ya kundi la kW 2 na kidogo. 188F ni ya kundi la 5 kVA. Namba hizo zikumbuke. Ndizo zitakazokufanya ukute kabureta, kamba ya kuvutia na pistoni Kisekka, soko la vipuri la Kampala, bila kubembeleza mtu. Jenereta yenye umbo la kipekee ambalo hakuna mwingine analo ni nzuri mpaka siku ya kwanza ya kuharibika.

Jenereta ya inveta (si ile inveta ya betri) inatengeneza umeme, inaunyoosha kielektroniki, kisha inautoa ukiwa safi. Kompyuta na televisheni za kisasa zinaupenda. Sifa yake kubwa kwangu ni nyingine: mzigo ukiwa mdogo, injini inapunguza kasi. Ile ya fremu wazi lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika muda wote, uwe umewasha balbu moja au nyumba nzima, kwa sababu kasi ndiyo inayotengeneza hezi 50. Inveta ni ghali kununua, na ikifa saketi yake si kila fundi wa mtaani ataifufua.

Dizeli inaanza kuwa na akili kuanzia 5 kVA kwenda juu, kwa nyumba inayowasha saa nyingi au yenye wapangaji. Ukiinunua halafu ukaipa balbu tatu na televisheni, mafuta hayaungui vizuri, masizi yanajaa kwenye ekzosi na injini inazeeka mapema. Dizeli inataka mzigo.

Nikuonyeshe kosa langu kwa pesa. Mara ya kwanza nilinunua 5 kVA ya petroli, nikijiambia bora kubwa kuliko ndogo. Kwa mzigo wangu wa wati 500 ilikuwa inakunywa karibu lita moja na nusu kwa saa. Mashine ya kW 2 ya fremu wazi, mzigo ule ule, haifiki lita moja. Inveta ya ukubwa huo hunywa kama nusu lita. Tuchukue saa 40 za giza kwa mwezi mbaya na petroli kwa shilingi 5,000 kwa lita (weka bei ya kituo chako): kubwa inakula shilingi 300,000, ya kati chini ya 200,000, inveta kama 100,000. Baada ya mwaka wa miezi kama hiyo, bei ya dukani uliyobishania alasiri nzima inakuwa hadithi ndogo. Niliiuza ile kubwa kwa hasara kwa mtu wa kuchomelea vyuma. Kwake ilikuwa mahali pake.

Hatua ya 7: Siku ya kununua

Nenda asubuhi, nenda na fundi unayemwamini, na mlipe yeye wewe mwenyewe ili asilipwe na duka.

Inyanyue. Ndani ya sehemu inayotoa umeme kuna nyaya zilizosokotwa, na zinaweza kuwa za shaba au za alumini. Alumini ni nyepesi, ni rahisi, na inachoka haraka kwa joto. Mashine mbili zenye namba moja ubavuni zikitofautiana uzito sana, nyepesi ina sababu. Fundi anaweza kufungua kifuniko cha nyuma na kukwaruza waya mmoja kidogo, kwa maana kuna alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Duka likikataa kufungua, umeshajibiwa.

Iwashwe mbele yako ikiwa imewekwa oili. Beba pasi ya nyumbani kwenye begi. Usicheke, pasi ndiyo mzigo wa mtihani wa bei rahisi kuliko yote. Ichomeke na usikilize. Injini itashuka kidogo kisha irudi kwenye sauti yake. Ikiendelea kupanda na kushuka kama mtu mwenye pumu, gavana (kile kifaa kinachodhibiti kasi ya injini) au kabureta haiko sawa. Fundi apime volti kabla na baada ya pasi. Zikianguka chini sana ya 220, iache.

Uliza kama inajizima oili ikipungua. Uliza kuhusu dhamana: nani anatengeneza, wapi, na je, vipuri vimo? Chukua risiti yenye namba ya mashine. Jina maarufu kwa bei ya kushangaza mara nyingi ni kibandiko tu, na kibandiko hakiwashi friji.

Hatua ya 8: Mahali pa kuiweka

Hii hatua ukiikosea hakuna kurudia. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anadhani ni uchovu, analala, haamki. Usiiwashe ndani, hata mlango ukiwa wazi. Usiiwashe barazani, gereji, stoo, wala kwenye ule ujia mwembamba kati ya nyumba kubwa na vyumba vya nyuma, ambako moshi unazunguka na kuingia kwa majirani. Iwe angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote, wako na wa mwenzako, na ekzosi ielekee kusiko na mtu.

Najua jibu la kawaida: nikiiweka nje wezi wataibeba. Ni kweli. Tengenezewa kizimba cha nondo kwa wachomeleaji, chenye paa la bati, pande zote ziko wazi, na mnyororo uliofungwa kwenye zege. Paa linahitajika kwa sababu mvua zetu hazibishi hodi, na jenereta iliyolowa inapiga shoti. Ukuta hauhitajiki: mashine inahitaji hewa ya kujipoza.

Wapangaji wa nyumba za mstari, huenda uwanja wenu hauna mita sita za kumkwepa kila mtu. Basi jenereta haiwezekani hapo, nunua betri.

Hatua ya 9: Kuiunganisha na nyumba

Kuna njia mbili halali. Ya kwanza ni waya wa kurefusha, mnene, wa nje, kutoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi friji na televisheni. Kwa mashine ya kW 2 hii inatosha na wala si aibu.

Ya pili ni chenji-ova: swichi kubwa yenye nafasi tatu, gridi upande mmoja, sifuri katikati, jenereta upande wa pili. Umbo lake haliruhusu umeme wa pande mbili kukutana. Inakaa baada ya mita ya Yaka, ile ya kununua uniti kabla ya kutumia, kwa hiyo uniti zako haziguswi wakati jenereta inatembea. Kazi hii apewe fundi mwenye kibali cha kufunga umeme kinachotolewa na ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda, na umwombe akionyeshe. Aifunge ardhini vizuri, achimbie fimbo ya athi, na awatenganishie saketi: taa, soketi na friji zipate jenereta, bomba la bafuni na jiko la umeme zisipate.

Njia ya tatu utaiona kwa watu wengi. Ni ule waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, unachomekwa kwenye jenereta na kwenye soketi ya ukutani. Mafundi waliniambia jina lake kwa utani, mimi nitauita waya wa jeneza. Umeme unatoka nyumbani kwako, unarudi hadi kwenye transfoma, ambayo inaukuza kuwa maelfu ya volti upande wa pili. Kijana aliyepanda nguzo kutengeneza hitilafu anajua njia imezimwa. Anashika. Na hata kama hayupo, stima ikirudi ghafla inakutana na jenereta yako na kuichoma. Nikiukuta nyumbani kwa ndugu huwa naomba koleo.

Hatua ya 10: Kuiweka hai

Jenereta ya nyumbani haifi kwa kazi, inafia kwenye kukaa. Petroli iliyolala miezi miwili inaacha gundi kwenye kabureta, na usiku wa giza unavuta kamba mpaka bega linauma. Ukijua hutaitumia karibuni, funga bomba la mafuta na iache injini ijizimie yenyewe. Mara moja kwa mwezi iwashe dakika 15 na friji ikiwa imechomekwa.

Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, maana ina vumbi la chuma la injini mpya. Kisha badilisha kila saa 50 hadi 100. Injini ndogo za namna hii nyingi hazina chujio la oili, basi oili ndiyo kila kitu. Ile ya 168F inaingiza kama mililita 600 tu. Safisha chujio la hewa mara nyingi zaidi kuliko kitabu kinavyosema kama barabara yenu ni ya vumbi jekundu.

Petroli itunzwe kwenye jerikani lenye kufunga sawasawa, nje ya nyumba ya kulala, mbali na sigiri. Kujaza tangi ni injini ikiwa imezimwa na imepoa. Usijaze kwa mwanga wa mshumaa. Andika hiyo kwa herufi kubwa.

Mwisho, bandika karatasi kando ya chenji-ova kwa ajili ya siku ambayo haupo nyumbani. Yangu imeandikwa kwa kalamu nene, mama mkwe ameisoma na kuifuata peke yake:

Stima ikiondoka: zima friji. Geuza swichi kubwa kwenye sifuri. Angalia oili na petroli. Washa, hesabu dakika tatu. Geuza kwenye jenereta. Washa taa, kisha televisheni, friji mwisho.

Stima ikirudi: subiri dakika kumi, huenda ikaondoka tena. Zima friji. Geuza kwenye sifuri, kisha kwenye gridi. Iache jenereta itembee bila mzigo dakika tatu ipoe. Izime. Funga bomba la mafuta. Funga kizimba.